Mkeri wa Ndani ya Debe

Kwa miaka miwili mkeri wetu uliishi ndani ya debe, kwa sababu mama yangu alikuwa ametoa neno lake. Ingekuwa juu yangu, ningeuchomeka ardhini siku ileile tuliyofika Kamembe, katikati ya ua, ili kila apitaye auone. Lakini mama alikuwa na neno, na mimi nilikuwa na mama. Basi, debe.

Wasioujua mkeri niwaambie. Ni mti kwa heshima tu, maana hausimami wenyewe. Unatoa fito ndefu zenye miiba, zinatambaa na kumkwaruza kila anayekaribia. Tunda lake tunaliita inkeri. Huanza kijani, likawa jekundu, kisha jeusi tii, vipunje vidogo vimebanana, na ukilifinya kidogo mkono mzima unageuka zambarau. Zile za porini, za kando ya msitu, ni ndogo na zina mbegu nyingi kuliko nyama. Zetu zilikuwa za kizungu, nene kama kidole gumba. Papa, baba yangu, alikuwa mtunza bustani wa Mbelgiji mmoja kule Bukavu, upande wa Kongo, na siku moja akaleta kipande cha mzizi nyumbani ndani ya kofia yake, akakipanda nyuma ya jiko letu. Nimekua nikila inkeri zile. Papa alikuwa akikata fito, mimi nilikuwa nikila matunda, na sikuwahi kumwuliza anakata zipi na anaacha zipi. Alipokufa akaenda na elimu yake.

Mama alizaliwa Gitambi, upande huu wa mto Ruzizi, akakimbia akiwa msichana, akaolewa Bukavu, akanizaa Bukavu, akamzika Papa Bukavu. Miaka yote hiyo, zaidi ya thelathini, nyuma ya mlango wetu lilikaa beseni lililofungwa kwa kitenge: sufuria, blanketi, chumvi, viatu vya kwendea. "Mwaka yenye kuya tunarudia kwetu," alisema kila mwaka, na kwa hiyo hakupanda kitu isipokuwa lengalenga, mboga ya wiki tatu. Mkeri ulikuwa wa Papa. Matunda yake aliyala, lakini kama mgeni alavyo, akishukuru.

Tulirudi mwishoni mwa mwaka wa yale mauaji ya kimbari. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sina mume, nina kichwa cha mashine ya kushonea bila meza yake. Mama alibeba beseni. Mimi nilibeba mashine kichwani, na mfukoni mzizi wa mkeri ndani ya soksi ya Papa niliyoilowanisha. Tukavuka daraja la Ruzizi kwa miguu. Sikuwahi kuiona nchi ile, na bado niliambiwa nimerudi.

Kitu cha kwanza mama alichotaka ni kuona kilima cha baba yake huko Gitambi. Tukaenda. Pale palipokuwa na nyumba ya bibi yangu palikuwa na migomba, mikubwa, imezaa, na watu waliozaliwa pale wakatupa maji ya kunywa kwa adabu. Ilikuwa imekwishatangazwa kwamba waliokaa nje miaka mingi wasidai mashamba yao ya zamani. Mama hakudai. Alinywa maji, akashukuru, na njiani akasema jambo moja tu.

"Balianza na mugomba moja," akasema. "Moja tu. Kisha ikazaa."

Aliyekulia kwenye vilima vile anajua maana yake. Ukiazimwa ardhi, unapanda maharage, unapanda viazi, vitu vya kuvuna na kwisha. Hupandi kitu cha kudumu. Anayechomeka mgomba au kahawa kwenye kiwanja cha mwenziwe amekwisha kusema kwamba hatoki, hata kama mdomo wake umefungwa. Na anayehama, sheria ni moja vilevile: alichopanda anavuna, ardhi anaiacha.

Watu wa komini, ofisi ya serikali ya mahali, walitupa nyumba Kamembe. Katika mtaa ule kulikuwa na nyumba tupu za aina mbili, zile ambazo wenyewe walikimbilia Kongo, na zile ambazo wenyewe hawakuwahi kukimbia mahali popote. Ya kwetu ilikuwa ya aina ya kwanza. Milango ilikuwa imeng'olewa, bati lilikuwapo. Nyuma kulikuwa na ua unaoteremka, choo mwisho wake, na kutoka pale uliiona Bukavu yote ng'ambo ya maji, paa kwa paa. Mama alikuwa akienda kusimama pale kila asubuhi. Maisha yote akiwa Bukavu alitazama huku, sasa yuko huku anatazama Bukavu.

Ukuta wa pili aliishi fundi wa bati, Mwislamu mzee, mtu wa palepale, anayetengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, na vibatari kutokana na makopo. Siku ya kwanza alituletea makaa yenye moto, akakaa juu ya jiwe, akasema lililomleta.

"Maman, karibu. Lakini nikuambie wazi. Mwenye hii nyumba ninamujua tangu aliolewaka apa. Eko muzima, eko kule mu kambi. Siku moja atakuya. Sitaki maneno kwa ukuta yangu. Panda maharage, panda lengalenga. Kintu ya kukaa, hapana."

"Hata ungenilazimisha," mama alijibu, "sitaweza. Nimetoka kuona kwetu." Akaweka mkono kifuani. "Hakuna kintu ya kukaa itaingia mu hii udongo. Nimesema."

Na mimi nimesimama pale na soksi yenye mzizi mkononi!

Tuligombana siku tatu. Nilimwambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akaniambia jembe nimepewa, la maharage. Nilimwambia mkeri si mgomba. Akaniambia nguo ya kuazima haisitiri matako. Mzizi ulikuwa unakauka. Mwishowe fundi, ambaye ukuta wake haukuwa mnene kama alivyodhani, akaja na debe la mafuta ya msaada, juu amelikata, chini amelitoboa matundu kwa msumari.

"Mu debe haikupandwa," akamwambia mama. "Imewekwa."

Mama aliwaza kama hakimu. Akalizunguka debe, akalipiga teke kidogo kuona kama linasogea. Lilisogea. Akakubali.

Sikutulia miaka ile, hata dakika moja. Nilipata baraza karibu na soko la Kamembe, nikakaa na mashine yangu, na kila mwanamke aliyepanda kutoka darajani na mzigo kichwani nilimwinulia macho: ndiye huyu? Mara ngapi nimejishona kidole! Mwenye nyumba sikumjua. Nilijua matundu ya misumari alipokuwa ametundika picha zake, na jiwe lake la kusagia lililokuwa na bonde katikati, bonde la mkono wake. Nilisagia hapohapo, mkono wangu ukifuata mkono wake. Nilimchukia, wacha niseme. Nilimchukia mtu nisiyemjua kwa kosa la kuwa hai. Alifanya nini katika siku zile, au alifanyiwa nini, sikujua, na hakuna aliyekuwa akiuliza kwa sauti.

Usiku upepo ukigonga bati niliamka nimekaa. Nilichotaka kilikuwa kidogo, na kilinila. Nilitaka, kabla yule mwanamke hajaja, mama yangu ale inkeri katika nchi yake, si za Mbelgiji, si za ugenini, za kwake. Na nilitaka pia, sasa naweza kukiri, kitu kimoja ndani ya ule udongo kiwe changu.

Mkeri uliitikia vizuri. Mvua zilipokuja ukatoa vijiti vipya kutoka chini, vinene, vyekundu, vimejaa nguvu. Jioni moja nikarudi kutoka sokoni nikavikuta vimelala kando ya debe, vimevunjwa vyote. Kimebaki kile kijiti kikuukuu tulichokuja nacho, kimesimama peke yake kama mjane.

"Maman! Nani alifanya hivi?"

"Nimeisafisha," mama akasema kwa furaha. "Ilikuwa na bezi mingi."

Bezi, yaani wezi. Mama alikuwa mtoto wa kahawa. Utotoni mwake kila boma lilipangiwa mibuni yake, na mkaguzi alipita. Akikuta machipukizi ya pembeni hayajang'olewa, baba wa nyumba aliona cha moto mbele ya wanawe. Basi kidole gumba cha mama kilijifunza mapema. Katika kahawa shina la zamani ndilo mali, chipukizi ni mwizi. Kidole kile hakikuweza kupita mbele ya chipukizi bila kulivunja, hata mama mwenyewe akiwa anaongea mambo mengine, hata akiwa anasali.

Nikaamini, maana mimi nilikuwa nakula tu, sijui kukata. Kijiti kikuukuu tukakitunza, tukakimwagilia, kikatupa maua mawili na tunda lisilozidi punje ya mtama, kisha kikakauka. Mwaka mzima. Chipukizi likitoka, kidole kinapita. Nikamwambia labda tunakosea, akaniambia hata punda hazai siku anayonunuliwa. Mimi nilikuwa nasikiliza daraja.

Mwaka wa pili miguu ya mama ilivimba, akalala wiki kadhaa, na kidole gumba kikalala naye. Ndipo fito moja ikapata nafasi. Ilikuwa ndefu, ikaruka ukingo wa debe, ikateremka ua wote kimyakimya hadi nyuma ya choo, ikainamisha ncha yake, ikagusa udongo. Nilipokwenda kuiinua haikuinuka. Ncha ilikuwa imeshika mizizi.

Nilisimama pale, ndoo mkononi. Ningeweza kuing'oa, ilikuwa bado changa. Badala yake nikaenda kuleta maganda makavu ya maharage nikaifunika. Sikuupanda mkeri ule. Lakini nani atanikubalia kwamba kunyamaza si kupanda?

Mama alipopona hakuteremka tena hadi nyuma ya choo, palikuwa na utelezi. Msimu uliofuata ile fito ikatoa matawi, matawi yakatoa maua meupe. Hapo ndipo nilipoelewa, mpumbavu mimi, kitu ambacho kila mgomba ungeniambia. Mgomba huzaa mara moja ukafa, na mtoto wake yuko tayari ubavuni. Mkeri ni hivyohivyo: kijiti cha mwaka huu hakizai, kinazaa mwakani, kisha kinakufa, na kingine kimekwisha kuota. Sisi tulikuwa tunang'oa watoto na kumbembeleza bibi.

Nikamwambia mama kwa mbali, bila kumwonyesha. "Maman, nafikiri iko sawa ndizi."

"Weye ulilimaka wapi?" akaniuliza. Alijua vizuri sikulima popote.

Kisha vita ikaanza ng'ambo. Bunduki za Bukavu tulizisikia kama mlango unaobamizwa katika nyumba ya jirani, siku baada ya siku. Kambi za wakimbizi zikavunjwa. Wengine walitokomea misituni, wengine wakarudi, na barabara ya kutoka darajani ikajaa watu waliokonda, kimya, na mizigo ya kuni na masufuria. Sikushona. Niliketi tu barazani nikitazama nyuso.

Alikuja siku niliyokata tamaa ya kumngoja, alasiri, mvua inanyesha. Alikuwa amejifunika kipande cha shitingi, ile plastiki ya mahema ya kambini. Hakuuliza kitu. Aliketi kwenye jiwe la mlangoni, mahali ambapo hakuna mgeni angeketi kwa sababu bati linavuja hapohapo, akasogeza matako kidogo kushoto, pasipovuja. Nikajua.

Mama alimpa maji. Fundi akaja mbio akiwa na nyundo mkononi, wakashikana mikono muda mrefu, na fundi akamwuliza habari za wengine. Akatikisa kichwa. Walikuwa wamekwenda sita.

Chuki yangu yote ya miaka miwili niliitafuta sikuiona. Niliona mwanamke wa rika langu mwenye miguu iliyopasuka.

Baada ya maji akainuka akazunguka nyumba yake. Sisi tukamfuata nyuma kama watu waliokamatwa. Aligusa ukuta, akatazama maharage yetu yaliyokuwa yanachanua, akafika penye debe. Halafu macho yake yakafuata fito kuteremka ua, hadi nyuma ya choo, kwenye kichaka kilichojaa inkeri za kijani na nyekundu.

"Hii ni nani alipandaka?" akauliza.

Mama akakiona kichaka kwa mara ya kwanza. Akanitazama. Sitaki kuandika alivyonitazama.

"Haikupandwa," mama akasema. "Iko mu debe. Unaona? Inasogea." Na ili kuthibitisha akainama, mzee wa watu, akashika debe kwa mikono miwili na kuliinua. Debe likaja. Kitako chake kikabaki chini. Kutu ilikuwa imekila pande zote, na kutoka kwenye kitako kile mizizi minene kama vidole ilikuwa imeingia ardhini, imeshika kweli.

Fundi alitazama nyundo yake. Mama alibaki ameshika debe lisilo na kitako, mvua inapita ndani yake.

Mwenye nyumba hakupiga kelele. Kesho yake watu wa komini walisema nyumba ni yake, na yeye akasema, kwa sauti ya kawaida, tukae hadi tuvune maharage, maana anayepanda anavuna. Na ule mti wa miiba?

"Ule haiko yetu," mama akasema haraka. "Ulijimea."

Basi tukaishi wanawake watatu katika vyumba viwili, jiko moja, jiwe moja la kusagia. Tulisalimiana vizuri sana. Kila upande ulipika chungu chake, maana siku zile watu waliogopa sumu, na hakuna aliyekula kwa mkono asioujua. Na wakati huohuo, nyuma ya choo, inkeri zikaanza kuiva.

Sijawahi kuona zimezaa hivyo, hata za Papa. Fito zililala kwa uzito, zikafika hadi mbele ya choo. Kila aliyekwenda chooni alipita katikati yake, zinamgusa bega, nyeusi, zinang'aa, na hakuna aliyechuma. Mama hakuweza: angechuma, angekuwa amepanda, na neno lake limevunjika mbele ya fundi na mwenye nyumba. Mimi sikuweza kwa sababu ya mama. Mwenye nyumba naye alipita ametazama mbele. Ndege wakazigundua. Walikuja kutoka mtaa mzima, wakala wakapiga kelele, wakatunyea zambarau kwenye nguo zilizoanikwa, na sisi watatu tukaanua nguo, tukazifua upya. Nilitamani kupiga yowe. Miaka miwili nimekesha kwa ajili ya matunda yale, na sasa ninayaangua kwa macho!

Asubuhi moja nilishindwa. Nilitoka chooni nikafunga kiganja juu ya tatu, nne, nikazimeza bila kutafuna. Nilipofika jikoni mama alikuwa anachagua maharage.

"Fungua mukono," akasema.

Nikafungua. Zambarau mpaka kwenye kifundo.

"Umekula ya bantu," akasema, akarudi kwenye maharage yake. Heri angenipiga. Nilikuwa nimeiba tunda la baba yangu, na mama yangu alikuwa ananionea haya.

Maharage yakakauka, tukayavuna. Beseni likafungwa. Tulikuwa tumepewa kiwanja Nzahaha, karibu na mpaka, mahali pa nyasi tupu. Siku ya kuondoka mwenye nyumba alikuwa ameamka mapema kusafisha ua wake, kama mtu yeyote ambaye ua wake umerudi. Alikuwa na panga. Akafika kwenye mkeri. Fito zilizokwisha kuzaa zilikuwa kahawia, ngumu. Pembeni yake vijiti vipya, vyekundu, vinene. Na yeye alikuwa mtoto wa kahawa pia. Akaliweka panga kwenye vile vipya.

"Usikate!"

Mama alikuwa mlangoni, beseni kichwani. Sikujua bado ana sauti ile.

"Usikate ile! Iko sawa ndizi! Yenye ilizaa njo unakata, mutoto unaacha. Ile njo itazaa mwaka yenye kuya!"

Panga likabaki hewani. Nyuma ya ukuta nyundo ya fundi ikanyamaza.

"Mukecuru," mwenye nyumba akasema polepole, akimwita bibi mzee kwa heshima, "umejuaje?"

Mama akateremsha beseni. Nilifungua mdomo kusema ni mimi, ni kosa langu, na mama akanikanyaga mguu, kwa nguvu.

"Njo miye nilipandaka," akasema. "Nilitoa neno, na nilipanda. Kisha nikadanganya."

Mwenye nyumba alitutazama, mmoja mmoja. "Donke, kumbe ilikuwa yenu," akasema. "Na mukaacha ndege bakule yote, mbele ya macho yenu?"

"Neno nilikuwa nimetoa."

"Na miye nilikuwa naogopa! Nilisema, hawa bamama hawaikule hata moja. Ile ni sumu." Akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyesahau njia yake, na kiliishia mahali ambapo vicheko vya wakati ule viliishia. Mama alikaa chini karibu naye, kwenye matope, mpaka kikaisha. Kisha mwenye nyumba akajifuta uso, akashika jembe. "Mwenye kupanda anavuna," akasema. "Nitakupatia nini sasa, miiba?" Akachimba mzizi wenye chipukizi moja, akaufunga ndani ya kipande cha shitingi yake ya kambini, akampa mama kwa mikono miwili.

Fundi alitukimbilia barabarani na debe jipya. Mama alimshukuru, akamrudishia. "Weka mafuta," akamwambia.

Nzahaha hakungoja tujenge. Aliomba jembe langu, akapiga magoti na miguu yake mibovu, akachimba shimo, akaupanda ardhini. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini na ndiyo mara yake ya kwanza kupanda kitu kisichozaa mwaka huohuo. Vijiti vipya vilipotoka, alikuwa akipita mbele yake ameficha mikono mgongoni. Hakukiamini kidole kile. Lile beseni alilifungua, akawa anaoshea maharage, na kitenge chake akakivaa.

Mkeri ulizaa mwaka wa vita ya pili. Inkeri zilikuwa nyekundu, zinakaribia, ndipo mizinga ikaanza kusikika kutoka ng'ambo ya Ruzizi, karibu kuliko ile ya kwanza. Watu wa mtaa wetu mpya walipita na magodoro kuelekea juu. Sikusubiri kuambiwa. Nilimwaga maharage, nikapangusa beseni, nikatia sufuria, blanketi, chumvi, viatu. Mikono yangu ilijua kila kitu kinakaa wapi. Nilikuwa nimelitazama beseni lile likifungwa tangu nizaliwe.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mkeri.

"Maman, tuende."

Hakugeuka. Alishika inkeri moja kwa vidole viwili, akaivuta kidogo. Haikutoka. "Bado," akasema.

"Maman, hausikie?"

"Ninasikia. Weye nenda, mwanangu, weye uko na miguu. Miye nilikimbiaka Gitambi mbele ya kuvuna, bado sijavuna. Nilitoka mbele ya kuvuna. Hii, nitaivuna."

Nilimwita mkaidi. Nilimwita mengine ambayo hayaitwi mama. Nilitembea hadi barabarani na beseni kichwani, nikarudi, nikatembea tena, nikarudi. Mizinga ilikuwa inapiga, watu wanapita, na yeye anafukuza ndege kwa kitambaa. Mara ya tatu nikaliweka beseni chini, kwa hasira, nikalifungua, kwa sababu sufuria ilikuwa chini kabisa na jua lilikuwa limeinama na hatujala.

Siku ya tatu asubuhi bunduki zilikuwa bado zinasikika, kwa mbali. Nilimkuta amesimama kwenye mkeri, midomo yake myeusi kama ya mtoto. Alikuwa amekula ya kwanza bila kuniamsha, na wala hakuonekana kuona aibu.

"Fungua mukono," akasema.

Nikafungua, akaujaza.